Mgeni Hubadilishwa na Mwenyeji: Jinsi Virusi Vinavyooteshwa kwa Ajili ya Vipimo na Chanjo

Bakteria wengi hawana makuu. Wape sahani ya agari, jeli yenye lishe kidogo, waweke kwenye joto la nyuzi 37, na kesho yake asubuhi utawakuta wamejenga vijiji vya madoa unayoyaona kwa macho matupu. Kirusi ukikifanyia hivyo, kesho hutakuta kitu, na mwezi ujao hutakuta kitu. Hakili, hakipumui, hakijigawi. Ni maelekezo ya kinasaba yaliyofungwa ndani ya ganda la protini, na maelekezo hayo hayana wa kuyatekeleza mpaka yaingie kwenye seli iliyo hai. Humo ndimo kirusi huteka mitambo ya seli na kuifanyisha kazi ya kutengeneza nakala zake.

Kwa hiyo maabara inayotaka virusi, viwe vichache vya kumpima mgonjwa au lita kwa lita za kutengenezea chanjo, haina budi kuvitafutia mwenyeji. Wenyeji hao ni wa aina tatu: mnyama mzima, yai lenye kiinitete cha kifaranga, na seli zinazofugwa kwenye chupa. Mara nyingi hupangwa kama ngazi, kutoka ukale kwenda usasa, na msomaji hubaki akidhani kwamba kilichobadilika ni chombo tu. Maji ukiyahamisha kutoka mtungini kwenda kwenye sufuria ni maji yale yale. Kirusi kilichopitishwa kwa sungura hamsini, mmoja baada ya mwingine, si kile kile. Mwenyeji hukiachia alama. Alama hiyo ndiyo iliyotupa baadhi ya chanjo bora kabisa tulizonazo, na ndiyo inayozipunguzia nyingine makali mpaka leo.

Watoto, ndama na sungura

Mwenyeji wa kwanza wa chanjo alikuwa binadamu. Mwaka 1796 Edward Jenner, daktari wa Uingereza, alichukua majimaji ya lengelenge la ndui ya ng'ombe kutoka mkononi mwa msichana mkamua maziwa, akayapandikiza kwenye mkono wa mtoto wa miaka minane, James Phipps. Chanjo ilikubali, lakini ikazuka shida ya usafirishaji: utaihifadhi vipi dawa inayoishi kwenye ngozi ya mtu kwa siku chache tu, katika zama zisizo na jokofu? Msafara wa Francisco Javier de Balmis ulipotoka Hispania mwaka 1803 kupeleka chanjo hiyo Amerika, ulipakia melini watoto yatima 22. Walichanjwa wawili wawili. Malengelenge ya hawa yakiiva, majimaji yake yanachanjiwa wawili wengine, hivyo hivyo mpaka ng'ambo ya bahari. Watoto wale walifanywa chupa za chanjo zenye miguu. Habari hiyo inakera kuisoma, na naona ni sawa ikere.

Baadaye kazi ilihamishiwa kwa ndama. Ngozi ya ndama ilinyolewa, ikachanjwa mistari mingi, ikapakwa virusi, na baada ya siku chache ikakwanguliwa. Ukwangu wa mnyama mmoja uliwatosha watu wengi. Njia hiyo haikuishia makumbusho: sehemu kubwa ya chanjo iliyotumika kuifuta ndui duniani, kazi iliyotangazwa kukamilika mwaka 1980, ilitoka kwenye ngozi ya ndama na kondoo.

Louis Pasteur wa Ufaransa alikuwa na mtihani mgumu zaidi, maana kichaa cha mbwa hakitoi malengelenge ya kukwangua. Kirusi chenyewe hakikuwa kimeonwa na mtu yeyote. Alichojua ni kwamba ubongo wa mnyama mgonjwa ukidungwa kwenye ubongo wa sungura, sungura naye huugua. Akawa anauhamisha ugonjwa kutoka sungura mmoja hadi mwingine. Mwanzoni siku za kusubiri dalili zilikuwa nyingi tena za kubahatisha; baada ya kuhamishwa mara nyingi zikapungua na kutulia kwenye takriban wiki moja. Wataalamu mpaka leo wanatofautisha kirusi hiki kilichotulia na kirusi cha mtaani, kile anachokibeba mbwa. Pasteur alichukua uti wa mgongo wa sungura hao, akautundika ndani ya chupa zenye hewa kavu, na kadiri ulivyokaa ndivyo ulivyopungua ukali. Tarehe 6 Julai 1885 mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa, Joseph Meister, alianza kuchomwa sindano. Zilikuwa 13 kwa jumla, kuanzia kipande kilichokaushwa muda mrefu mpaka kile kibichi. Hakuugua.

Waliofuata nyayo za Pasteur waliendelea kuotesha kirusi hicho kwenye ubongo wa kondoo na wanyama wengine kwa miongo mingi. Aliyeng'atwa alichomwa sindano nyingi tumboni, na kila sindano ilibeba chembechembe za ubongo. Hapo mwenyeji akaacha alama ya namna nyingine. Nyuzi za neva zimevikwa ala yenye mafuta iitwayo mayelini, na miili ya baadhi ya waliochanjwa iliitengenezea kinga mayelini ya mnyama, kisha kinga hiyo ikageukia ubongo wao wenyewe. Miaka ya 1950 watafiti nchini Chile walipata ufumbuzi ninaoupenda kwa wepesi wake: walitumia ubongo wa panya wachanga, wa siku chache tu tangu kuzaliwa. Panya wa umri huo hajajenga mayelini ya kutosha kuleta madhara. Hawakuleta kemikali mpya wala mashine mpya. Walibadilisha umri wa mwenyeji. Siku hizi chanjo za kichaa cha mbwa zinazopendekezwa zinatokana na seli za chupani au mayai, na zile za ubongo zimeachwa karibu kila mahali.

Ndani ya yai

Mwaka 1931, huko Nashville, Marekani, Ernest Goodpasture na Alice Woodruff walifanikiwa kuotesha kirusi cha ndui ya kuku kwenye utando wa yai lenye kiinitete. Ukifikiria, yai ni mwenyeji wa ajabu. Ndani ni safi, halina bakteria. Halihitaji kulishwa. Halimng'ati mtu. Na kiinitete hakijakomaza kinga yake, kwa hiyo mgeni hapigwi vita mlangoni. Tena lina vyumba kadhaa, na kila kirusi kina chumba chake. Virusi vya jamii ya ndui huwekwa kwenye utando wa nje, ambako huacha vidoa vyeupe vya kuhesabika. Enzi za ndui, mtaalamu aliweza kutofautisha ndui yenyewe na ndui ya ng'ombe kwa kutazama ukubwa na rangi ya vidoa hivyo. Influenza na kideri cha kuku hupenda mfuko wa alantoisi, ule ambamo kiinitete hutupa taka zake.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Mayai yamekaa kwenye mashine ya kuatamia siku 10 au 11. Fundi anazima taa za chumba na kuweka yai mbele ya mwanga mkali. Mishipa ya damu inajitokeza kama mizizi myekundu, kivuli cha kiinitete kinatikisika, na upande butu kinaonekana chumba cha hewa. Anauchora mpaka wake kwa penseli. Yai ambalo mishipa imefifia na kivuli hakisogei linatolewa. Ganda linapanguswa kwa spiriti, linatobolewa tundu dogo juu kidogo ya mstari wa penseli, sindano inapenya chumba cha hewa mpaka kwenye mfuko wa alantoisi na kuacha humo kiasi kidogo sana cha virusi. Tundu linazibwa, yai linarudi kwenye joto. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa influenza, siku ya pili au ya tatu ndiyo siku ya kuvuna. Mayai kwanza hulazwa kwenye jokofu usiku kucha, ili kiinitete kife na mishipa isinyae. Kisha ganda linakatwa juu, majimaji yanafyonzwa. Yanatakiwa yawe maangavu. Yakitoka mekundu, mshipa umepasuka na mavuno yamepungua.

Kwa nini damu ilete hasara? George Hirst aligundua jibu mwaka 1941, kwa kutazama jambo ambalo wengine wangelisafisha na kulitupa. Damu ilipomwagikia majimaji yenye virusi vya influenza, chembe nyekundu zilishikana mabonge. Kirusi kina protini inayonasa kwenye uso wa chembe, na kwa kuwa kina protini nyingi za aina hiyo pande zote, kinaunganisha chembe moja na nyingine. Bahati hiyo ikageuka kipimo kinachotumika mpaka leo. Kwenye sahani ya visima vidogo, chembe nyekundu zisizo na virusi huteleza mpaka chini na kukaa kama kitufe chekundu. Penye virusi hushikana kama wavu na kubaki zimetandaa, rangi ya waridi iliyopauka. Huhitaji darubini. Ukiongeza kingamwili za kirusi unachokishuku na kitufe kikarudi, umeshajua pia jina la mgeni wako.

Kuzoea mwili usio wako

Tunapenda kusema kirusi "kimejifunza" kuishi kwa sungura au kwenye yai. Ni lugha ya mkato tu. Kirusi kinaponakiliwa mamilioni ya mara, makosa ya kunakili hayakwepeki, hasa kwa virusi vya RNA, yaani vile ambavyo maelekezo yake yameandikwa kwa RNA badala ya DNA. Kosa moja likitokea kumsaidia mwenye nalo azaliane haraka zaidi kwenye seli za kuku, wazao wake watajaza yai. Hamisha majimaji hayo kwenye yai jingine, kisha jingine, na baada ya mizunguko mingi unabaki na ukoo uliobobea kwa kuku. Mara nyingi, ingawa si mara zote, ubobezi huo unauchosha uwezo wa kumdhuru binadamu. Tunaita kudhoofisha kirusi, lakini kwa kuku hakijadhoofika hata kidogo.

Max Theiler alifanya hivyo kwa homa ya manjano. Kirusi alichotumia kilitoka kwenye damu ya mgonjwa wa Ghana aitwaye Asibi, aliyeugua mwaka 1927 na kupona. Kilipitishwa kwenye tishu za kiinitete cha panya, kisha za kiinitete cha kuku, kisha za kiinitete cha kuku zilizoondolewa ubongo na uti wa mgongo. Mahali fulani kati ya pito la 89 na la 114 kirusi kikabadilika: kilimpa kima kinga bila kumuua. Ndiyo 17D, chanjo iliyotangazwa mwaka 1937, na Theiler akatunukiwa Nobeli mwaka 1951. Mpaka leo chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwa mayai na ni wazao wa ukoo ule ule.

Walter Plowright na wenzake, wakiwa Muguga nchini Kenya, walikipitisha kirusi cha sotoka kwenye seli za figo za ndama takriban mara 90. Kabla yao zilikuwepo chanjo zilizooteshwa kwa mbuzi, ambazo ziliwaangusha baadhi ya ng'ombe. Ya Plowright ilimkinga ng'ombe wa kila aina kwa maisha yake yote, na haikumwambukiza jirani yake zizini. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetoweka duniani, ugonjwa wa pili kufutwa baada ya ndui.

Mfano uliokithiri ni kirusi kiitwacho MVA, ndugu wa chanjo ya ndui, kilichopitishwa kwenye seli za kuku zaidi ya mara 500 nchini Ujerumani. Kilipoteza karibu asilimia 15 ya vinasaba vyake. Kinaingia kwenye seli ya binadamu, kinaanza kazi, kisha kinakwama kabla ya kutengeneza wazao. Mfumo wa kinga unamwona mgeni, lakini mgeni hana pa kuendelea. Ndicho kinachotumika leo kwenye mojawapo ya chanjo za mpox.

Upande wa pili wa sarafu ni influenza. Kirusi cha mafua cha binadamu hushika sukari fulani iliyo kwenye njia ya hewa ya mtu. Seli za mfuko wa alantoisi zina sukari iliyounganishwa kwa namna nyingine. Ili kiote vizuri kwenye yai, kirusi hubadilisha ncha ya protini yake ya kunasia, na ncha hiyo ndiyo hasa tunayotaka mwili wa mtu uitambue. Msimu wa 2016–2017 kirusi cha influenza cha aina ya H3N2 kilichokuwa kikizunguka kilikuwa na sukari mpya iliyofunika sehemu ya protini hiyo. Kwenye mayai, kirusi cha chanjo kilipoteza kifuniko hicho. Waliochanjwa walitengeneza kingamwili nzuri, ila za kirusi cha mayai. Watu husikia "chanjo ya mwaka huu haikulingana" wakadhani wataalamu walibashiri vibaya. Mara nyingine walibashiri sawasawa, ni mwenyeji aliyewaharibia.

Seli kwenye chupa

Mwaka 1949 John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins walionyesha kwamba kirusi cha polio huota kwenye tishu za binadamu zisizo za neva. Kabla ya hapo iliaminika kinataka neva tu, maana yake kima hai na uti wa mgongo wake, na hakuna aliyetaka kurudia balaa la mayelini kwa watoto. Miaka sita baadaye, 1955, chanjo ya Jonas Salk ikaidhinishwa, ikiwa imeoteshwa kwenye seli za figo za kima na kuuawa kwa formalini.

Seli hufugwa zikiwa zimejitandaza chini ya chupa bapa kama vigae vya sakafu, zimefunikwa na maji ya lishe ya rangi ya waridi. Kirusi kikiingia huwezi kukiona, ila unaona uharibifu wake. Herpesi huzivimbisha seli na kuzifanya za duara. Surua huzivunjia kuta hadi seli kadhaa zinakuwa donge moja lenye viini vingi. Polio huzisinyaza na kuzing'oa sakafuni. Mtaalamu mzoefu hutaja jina la kirusi kwa kutazama magofu tu, ingawa hatalitia saini bila kipimo cha kuthibitisha.

Tatizo la figo za kima ni kwamba kima naye ana wageni wake. Mwaka 1960 iligunduliwa kwamba seli hizo zilikuwa na kirusi kilichojificha, SV40, ambacho tayari kilikuwa kimeingia kwenye baadhi ya chanjo za polio. Ndiyo sababu watengenezaji wengi walihamia kwenye seli zinazohifadhiwa benki, zilizochunguzwa mara moja kwa kina kisha kugandishwa. Maarufu zaidi ni Vero, zilizotoka kwenye figo ya tumbili mmoja huko Chiba, Japani, mwaka 1962. Jina limekatwa kutoka maneno ya Kiesperanto yenye maana ya figo ya kijani, kwa rangi ya tumbili huyo. Zina kasoro moja ambayo maabara huiona kuwa neema: haziwezi kutengeneza interferoni, kengele ambayo seli huipiga kuwaonya majirani. Virusi vingi huota humo bila usumbufu. Hata chanjo za UVIKO-19 zilizotumia kirusi kilichouawa zilioteshwa kwenye Vero. Lakini alama ya mwenyeji haikosekani: kirusi hicho kikipitishwa kwenye Vero mara kadhaa huelekea kupoteza kipande cha protini kinachokisaidia kuingia kwenye seli za njia ya hewa ya mtu. Asiyechunguza anajikuta anasoma kirusi cha chupa.

Kipimo kinachosubiri

Kwa upande wa kupima wagonjwa, kuotesha kumepokonywa nafasi na PCR, kipimo kinachonakili vinasaba vya kirusi mpaka viweze kuonekana, na ni haki yake. PCR hutoa jibu kwa saa chache. Seli huchukua siku au wiki. Kipimo cha zamani cha kichaa cha mbwa, cha kudunga ubongo wa mnyama anayeshukiwa kwenye panya, kilitaka panya watazamwe kwa wiki nne kabla ya kusema "hakuna", na aliyeng'atwa hana wiki nne za kusubiri.

Bado kuna maswali mawili ambayo PCR haiyawezi. La kwanza ni kama kirusi kiko hai. PCR husoma vinasaba, na vinasaba vya maiti husomeka kama vya mzima. Mgonjwa anaweza kuendelea kuonyesha PCR chanya kwa wiki kadhaa huku sampuli yake haioteshi chochote. Swali la pili ni la kirusi kisichojulikana. PCR hukipata kile ulichokitafuta. Mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika, Uganda, watafiti wa homa ya manjano walimweka kima kwenye jukwaa lililo juu ya mti ili aumwe na mbu. Alikuwa kima nambari 766. Alipopata homa, majimaji ya damu yake yalidungwa kwenye ubongo wa panya, panya wakaugua, na kilichotoka humo hakikuwa homa ya manjano. Panya hakuhitaji kuambiwa nini cha kutafuta.

Vipo pia virusi vilivyokataa kila mwenyeji. Norovirusi, msababishaji mkubwa wa kuhara na kutapika duniani, vilishindikana kuoteshwa kwa miongo kadhaa, mpaka mwaka 2016 vilipokubali vijiutumbo vidogo vilivyokuzwa maabara kutokana na seli za utumbo wa binadamu; baadhi ya aina zake zikadai ziwekewe na nyongo. Hepatitisi B nayo haikukubali kuoteshwa kwa wingi, hivyo tangu 1986 chanjo yake hutengenezwa na hamira iliyopandikizwa kinasaba kimoja cha kirusi. Chanjo za mRNA, zinazoipa seli maelekezo ya kutengeneza protini ya kirusi, zimekwenda mbali zaidi, hazihitaji kuotesha kirusi kabisa.

Hata hivyo, kila Februari na Septemba, Shirika la Afya Duniani linapokutanisha wataalamu kuchagua virusi vya influenza vya chanjo, vilivyo mezani vimeoteshwa kwenye seli au mayai, na kingamwili za kuvilinganisha kwa sehemu kubwa zimetoka kwa fereti, mnyama mdogo wa jamii ya vicheche anayepata mafua na kupiga chafya kama mtu. Majina yakitangazwa, kuku watakaotaga mayai ya kazi hiyo huwa tayari wako bandani.